Barua ya wazi kwa mdogo wangu: Wrex yu hai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nyegezi. Mama hajambo, mguu wake umepata nafuu, na anakukumbusha umpigie simu siku ya Jumapili. Ninakuandikia hadharani kwa sababu wapo dada wengi wenye wadogo waliozama katika michezo ya kompyuta, nao wanadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba humo hamna kitu zaidi ya risasi na makelele.

Ulipoondoka kwenda chuoni Mbeya, uliiacha kompyuta yako sebuleni, na ndani yake mchezo wa Mass Effect ulikuwa umesimama pale ulipokataa kuendelea, yaani ufukweni mwa sayari ya Virmire. Naukumbuka usiku ule. Ulisema kwamba huwezi kumuua Wrex, mpiganaji wa kikosi chako mchezoni, na wala huoni njia nyingine, ukazima kioo, ukaenda kulala bila kula. Nilikuona bado mtoto, na nikakuambia hivyo mbele ya mama. Nisamehe. Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti chako, nikashika pedi yako kwa mara ya kwanza maishani, na sasa najua ulichokuwa unakikataa.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Ulitengenezwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton nchini Kanada, ukatoka mwaka 2007. Sehemu ya pili ilifuata mwaka 2010 na ya tatu mwaka 2012, kisha mwaka 2021 zote tatu zikaboreshwa na kuwekwa katika toleo moja. Mchezaji ni Kamanda Shepard, anayeongoza chombo cha anga kiitwacho Normandy katika mwaka wa 2183, wakati wanadamu bado ni wageni miongoni mwa viumbe wengine waliokwisha kugawana madaraka ya anga. Kazi yake ni kumsaka Saren, askari wa daraja la juu aliyeasi. Mapigano yamo, tena mengi, lakini kinachoubeba mchezo ni maamuzi, kwa kuwa kila uamuzi mkubwa huhifadhiwa, na faili lilelile hupokelewa na sehemu ya pili na ya tatu, hata mtu uliyemwacha afe mwanzoni asionekane tena mpaka mwisho wa hadithi, na nafasi yake ichukuliwe na mwingine asiyekuwa na busara yake.

Wrex ni Mkrogan, mmoja wa jamii za viumbe wa anga, na habari ya Wakrogan ndiyo iliyonishika, pengine kwa sababu nimezaliwa kando ya Ziwa Viktoria. Zamani Wasalarian, watu wa sayansi, walikuwa wanashindwa vita na Warachni, viumbe mfano wa wadudu waliojificha katika mashimo ya sayari ambako hakuna jeshi lililoweza kuwafuata. Wakawakuta Wakrogan katika sayari yao kali ya Tuchanka, wakawapa vyombo na silaha, wakawatuma humo mashimoni. Wakrogan walishinda. Kisha wakaongezeka, wakachukua sayari za wengine, na waliowaleta wakaanza kuwaogopa. Dawa iliyopatikana ni ugonjwa uliotengenezwa na Wasalarian na kusambazwa na Waturian, jamii nyingine ya anga, uitwao jenofaji, ambao hauui aliye hai. Unahakikisha tu kwamba katika mimba 1000 za Wakrogan ni moja inayozaa mtoto aliye hai.

Niliposikia maelezo hayo niliusimamisha mchezo, nikatoka nje kuliangalia ghuba. Unakumbuka bibi alivyokuwa akisema kwamba furu ndiye samaki ambaye mtoto alijifunzia ndoana? Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa uvuvi walimleta sangara ziwani, wakitumaini kwamba atawala hao furu wadogo wenye miba, wasiokuwa na bei, na kuwageuza kuwa samaki mkubwa wa kuuzwa. Kwa miaka mingi mambo yalionekana kuwa shwari. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alijaa kila mahali, na katika mamia ya aina za furu, nyingi zilitoweka, baadhi yake kabla hazijapewa hata jina na wanasayansi. Na bado sisi wawili tumesomeshwa na sangara. Mshahara wa baba ulitoka katika kiwanda cha minofu, mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu, tulikula, na sare zako za shule zilinunuliwa kwa fedha hiyo. Kwa hiyo siwezi kusema kwa wepesi kwamba walioleta sangara walikosea, kama vile ambavyo mchezo huu hauniruhusu kusema kwa wepesi kwamba Wasalarian walikuwa waovu, kwa sababu Warachni wangewamaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba mezani pa walioamua hapakuwa na kiti cha wale walioamuliwa.

Sasa turudi ufukweni. Saren amejenga kituo huko Virmire na amepata tiba ya jenofaji, nayo inamzalia jeshi la Wakrogan watakaomtumikia yeye. Kituo hicho lazima kilipuliwe, na tiba itateketea pamoja nacho. Wrex anaposikia hivyo anajitenga, anafyatua bunduki yake kuelekea majini, kisha Shepard anapomfuata anamwelekezea mtutu. Katika faili lako majibu yale mawili ya ushawishi, la buluu na la nyekundu, yalikuwa yamefifia, hayachaguliki. Hukuwa umeweka alama za kutosha katika ufundi wa kuzungumza. Zote ulikuwa umezielekeza kwenye bastola na ngao. Ndiyo maana hukuona njia.

Lakini njia ilikuwepo, mdogo wangu, na ilikuwa nyuma yako. Nilitafuta faili lako la zamani zaidi, kabla Normandy haijashuka Virmire, nikaanza kufanya jambo ambalo wewe, kwa haraka yako ya kufika vitani, ulikuwa umeliruka kila mara: nikateremka hadi ghala la silaha chini ya chombo, mahali Wrex anaposimama, nikamsemesha. Mara ya kwanza alinijibu kwa mkato. Baada ya safari nyingine akanieleza kwamba watu wake wamekata tamaa, kwamba wanaihama Tuchanka wakauze nguvu zao kwa yeyote mwenye fedha, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kujaribu kuwashawishi waache vita wajali uzao wao. Baadaye tena akasimulia jinsi baba yake mzazi alivyomwita kwa mazungumzo katika makaburi ya wahenga, mahali patakatifu ambapo haikubaliki kumwaga damu, kisha akamtegea wauaji, naye akalazimika kumuua baba yake kabla ya kutoroka. Anasimulia kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, kama mzee anayetaja deni la zamani.

Katika mazungumzo hayohayo ndipo anapotaja deraya, yaani vazi la vita, ya ukoo wake iliyoporwa. Niliifuata. Inanilazimu kukiri kwamba sayari za pembeni ndizo sehemu dhaifu ya mchezo huu: gari lile linadundadunda milimani hadi macho yanachoka, na majengo yake yanafanana mno. Jioni mbili zilipotea kwa kufa na kurudia, na moja kwa kukatika umeme. Deraya yenyewe, ilipopatikana, ilikuwa chakavu, na hata Wrex aliidharau. Hata hivyo aliichukua.

Niliporudi ufukweni, palikuwa na jibu ambalo wewe hukuwahi kuliona. Wrex alisikiliza. Akakubali kwamba wale wanaozalishwa na Saren watakuwa vyombo tu vya Saren, kama mababu zake walivyokuwa vyombo vya wakubwa wa enzi ya Warachni, akashusha bunduki. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo hapa.

Saa moja baadaye mchezo uliniwekea jambo ambalo halina mlango wa nyuma. Askari wawili wa Normandy walikuwa hatarini: Ashley mnarani pamoja na askari wa Kisalarian, Kaidan kwenye bomu la kulipua kituo, wote wawili wamezingirwa, na chombo kinaweza kumfikia mmoja tu. Nilirudia faili mara nne nikitafuta jibu lililofichwa kama lile la deraya. Halipo. Walioandika hadithi hii hawakuliweka, na ninaamini walifanya vyema, kwa maana kama kila kifo kingekuwa na dawa yake kwa mwenye subira, uhai wa Wrex usingekuwa na uzito wowote. Nilimfuata Ashley, kwa kuwa mnarani palikuwa na watu wengi zaidi. Kaidan alinijibu redioni kwamba ameelewa. Bado sijui kama nilimchagua Ashley kwa hesabu ile ya watu, au kwa sababu siku moja kabla aliniambia habari za wadogo zake.

Nimesimama hapo. Sijamfuata Saren, na sehemu ya pili sijaigusa, kwa sababu safari hii ni yako, na yule Shepard ana uso uliomchongea wewe, wenye paji pana kama la babu. Faili lako la ufukweni lipo kama ulivyoliacha, na langu lipo kando yake. Utaamua mwenyewe uendelee na lipi. Ukija Desemba, kabla ya kuipeleka Normandy popote, teremka kwanza ghalani. Wrex yupo palepale kwenye makabati, na yapo maswali ambayo sikumuuliza, nimekuachia wewe.

Dada yako,
Nyegezi, Mwanza