Kikaango cha Wataino na vyungu vya Ugogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonijia kila ninapowapita akina mama wanaouza vyungu kando ya soko hapa Dodoma.

Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi waliokutwa na Christopher Columbus mwaka 1492, walioka mkate wao juu ya kikaango bapa cha udongo kiitwacho bureni. Ni chombo kinene cha mviringo. Juu kimelainishwa, chini kinakwaruza, nacho huinjikwa juu ya mawe kama sisi tunavyoinjika chungu juu ya mafiga. Mkate wenyewe, kasabe, ni wa muhogo mchungu, ambao ukiliwa bila kutayarishwa unaweza kuua. Waliukuna, wakaukamua maji yake yenye sumu kwa mfuko mrefu wa kusukwa unaofanya kazi ileile ya kifumbu chetu cha tui, wakauchekecha, ndipo wakautandaza unga huo juu ya bureni iliyokwisha kushika moto. Hautiwi mafuta wala hamira. Joto peke yake huushikamanisha ukawa mkate mwembamba na mkavu, unaokaa miezi bila kuharibika, hata Wahispania wakaufanya chakula cha safari zao.

Muhogo huohuo, ambao huku kwetu huokoa kaya mvua zinapokatika, uliletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16.

Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kasabe katika orodha ya urithi wa utamaduni, kwa maombi ya pamoja ya Kuba, Jamhuri ya Dominika, Haiti, Honduras na Venezuela. Bureni nyingi leo ni za chuma, lakini jina limebaki kwa sababu mkate bado unaliwa. Hata vipande vilivyofukuliwa ardhini vimekuwa na la kusema: wataalamu wamekuta juu yake chembe za wanga wa mahindi, wakajua kwamba haukuokwa muhogo tu.

Marehemu bibi yangu alikuwa mfinyanzi huko Kongwa. Chungu kikitoka motoni alikigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kikilia vizuri alikiuza, kikitoa sauti iliyokufa alikiweka kando kiwe cha kunyweshea kuku. Kilichovunjika nacho hakikutupwa, bali kilibaki kigae cha kukaangia karanga, nazo ziliiva taratibu bila kuungua kama zinavyoungua leo kwenye sufuria yangu. Udongo aliuchimba mwenyewe kando ya korongo ambalo silijui, kwani alifariki kabla sijamwuliza, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako litume waandishi kwa wafinyanzi walio hai, waandike udongo unachimbwa wapi, unachanganywa na nini, unachomwa kwa kuni gani, na kila chombo kinaitwaje kwa Kigogo na kinapika nini. Nawaomba pia maofisa utamaduni wa halmashauri zetu wanunue chombo kimoja cha kila aina, wakihifadhi pamoja na maelezo ya matumizi yake na jina la aliyekifinyanga. Kazi hiyo ianze kabla ya masika, maana udongo ukilowa hauchimbiki, na wafinyanzi wengi ninaowafahamu ni wazee.

Msomaji wako,
Dodoma