Alama za umbizo zifichwe, zisifutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini kwa sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta tukiandika vitabu, miongozo na ripoti, ndilo linaloamua kama siku itaisha kwa kurasa tatu zilizonyooka au kwa macho kuuma. Nazungumzia alama za umbizo, yaani vile vinyota, mabano, mikwaju na alama za reli ambazo mwandishi huzipachika katikati ya maneno yake ili kuiambia kompyuta kwamba hapa pana kichwa cha habari, hapa herufi nzito, na hapa kiungo cha kwenda ukurasa mwingine wa intaneti. Rai yangu ni kwamba alama hizo zifichwe wakati mtu anaandika, zijitokeze pale tu kishale, yaani kile kialama kinachoonyesha unapoandika, kinapozifikia, na kwamba wanaowafundisha waandishi kutumia kompyuta waanze na jambo hili siku ya kwanza.

Mimi ni mhariri, na kwa sehemu kubwa ya kazi yangu naandika miongozo ya sarufi ya Kiswahili kwa ajili ya walimu. Kwa miaka kadhaa sasa nimeacha programu kubwa za ofisi, naandika kwa Markdown, mtindo wa alama chache uliotangazwa na John Gruber mwaka 2004. Nimeuchagua kwa sababu faili lake ni maandishi matupu: hufunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ile kuukuu ya steshenari ya mtaani, halina uzito wa kusumbua mtandao unapoyumba, na kutokana na faili hilo hilo moja naweza, kwa msaada wa programu kama Pandoc, kutoa kitabu cha kupeleka kiwandani na ukurasa wa kuweka kwenye tovuti. Gruber alikusudia maandishi ya Markdown yasomeke vizuri hata kabla ya kugeuzwa kuwa kitu kingine, na kwa barua fupi au tangazo la mkutano wa wazazi nakiri kwamba lengo hilo limetimia. Kwa kitabu cha sarufi halijatimia.

Nitoe mfano mmoja. Katika sarufi yetu tunalazimika mara kwa mara kukoleza kiambishi kilichomo ndani ya neno. Nikitaka mwalimu akione kiambishi cha mtendwa katika neno «waliwaona», naandika hivi: wali**wa**ona. Vistari vya chini, ambavyo kwingine hukoleza kama vinyota, havinisaidii hapo, kwani kwa kanuni za CommonMark, zile sheria za Markdown ambazo programu nyingi za leo huzifuata, havikolezi kitu katikati ya neno, kwa hiyo kinyota hakikwepeki. Sasa msomaji wako awaze ukurasa wenye maneno arobaini ya namna hiyo: nili**ki**soma, tume**u**pika, hawaja**zi**leta, na kadhalika hadi chini. Kilichokusudiwa kuonekana kwanza, yaani kiambishi, ndicho kinachozama, kwa sababu jicho hunaswa na vinyota vinne kabla halijafika kwenye silabi moja iliyo katikati yao. Alama zikifichwa, ukurasa huo huo huonyesha neno zima likiwa limeshikamana, na silabi moja tu ndani yake imesimama kwa unene. Hapo mwandishi anaona kile atakachokiona mwalimu, na anaweza kuamua kama mfano wake umefaa.

Upatanisho wa kisarufi nao huathirika, na hili sijaona likisemwa, labda kwa sababu wanaotengeneza programu hizi hawaandiki kwa lugha yenye ngeli. Katika Kiswahili kitenzi lazima kikumbuke nomino yake hata kama imebaki nyuma sana. Nimewahi kuandika sentensi iliyoanza kwa «Vitabu vyote vya rejea vilivyotajwa kwenye orodha ya maktaba», ambapo maneno «orodha ya maktaba» yalikuwa kiungo, na baada yake, ndani ya mabano, ikafuata anwani ya intaneti iliyojaza mstari mzima kwa herufi, tarakimu na mikwaju. Nilipovuka anwani hiyo nikaendelea kwa «imehifadhiwa». Vitabu imehifadhiwa! Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara tatu bila kuona kosa, kwa sababu kila nilipofika upande wa pili wa anwani, nomino iliyobaki kichwani ilikuwa «orodha», na vitabu nilikwisha kuvisahau. Siku nilipoificha anwani, vitabu na kitenzi chake vilikaribiana katika mstari mmoja, na kosa likanirukia machoni. Mtu asiniambie kwamba huo ulikuwa uzembe tu. Uzembe ulikuwepo, lakini kazi ya chombo cha mwandishi ni kumsaidia aone sentensi yake.

Wahazili wa miaka ya 1990 watanielewa upesi, maana tulikwisha kuwa na dawa ya jambo hili. WordPerfect 5.1, iliyotoka mwaka 1989, ilituonyesha kioo cha buluu chenye maneno matupu, na yaliyokolezwa yaling'aa zaidi ya mengine. Hapakuwa na alama yoyote ya kukusumbua. Lakini ukibonyeza Alt na F3 kwa pamoja, kioo kiligawanyika sehemu mbili: juu maneno yako kama kawaida, chini maneno yale yale pamoja na siri zake zote, [BOLD] kwa herufi kubwa pale unene unapoanzia na [bold] kwa herufi ndogo pale unapoishia. Barua ya mkurugenzi ilipogoma, ikakoleza aya nzima badala ya neno moja, hatukubahatisha. Tulifungua kioo cha chini, tukaitafuta [bold] iliyopotea mahali pake, tukairekebisha, tukafunga. Nasema kwa moyo wote kwamba ule ulikuwa uhusiano wa haki kati ya mwandishi na mashine yake: mashine ilimpumzisha, lakini haikumnyima kitu.

Baadaye zikatawala programu za ukoo wa Bravo, ile iliyobuniwa kwenye maabara ya Xerox huko California mwaka 1974, na ambayo mmoja wa wabunifu wake, Charles Simonyi, ndiye aliyehamia Microsoft na kuongoza uundaji wa Word. Hizo huonyesha ukurasa kama utakavyochapwa, na hazina kioo cha chini. Kila aliyewahi kuhangaika na orodha ya namba inayojianzia upya kwenye moja bila kuelezwa kwa nini anajua ninachozungumzia. Kwa hiyo ninaposema alama zifichwe, sitetei kurudi huko.

Jambo lililonisukuma hasa kuandika barua hii ni mafunzo ya siku chache niliyohudhuria pamoja na walimu wa lugha, ambao walialikwa wajifunze kuandika vitini vyao kwa maandishi matupu. Nia ya mafunzo ilikuwa njema na mkufunzi alijua kazi yake. Lakini alifungua faili lenye jedwali, tanbihi, viungo na vipande vya HTML, ile lugha ya kurasa za intaneti, vyote vikiwa uchi, akatuambia tuvizoee, kwa kuwa anayetaka kuandika kitaalamu hana budi kuziona alama zake. Kufikia adhuhuri, mwalimu niliyekaa naye dawati moja, mama aliyefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa amefunga kompyuta na kuandika kwa kalamu. Nilipomuuliza, alisema haoni tena alichokuwa anataka kukisema. Tulipotoka chakula cha mchana nilimwandikia mstari mmoja kwenye programu yake, alama zikapotea, na kitini chake cha methali kikabaki methali. Aliandika hadi jioni. Mstari huo haukuchukua hata nusu dakika, na ungeweza kuandikwa ubaoni asubuhi kwa ajili ya watu wote.

Kwa kuwa wasomaji wako wengine watataka kuujua, nautaja. Programu ilikuwa Vim, ambayo tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010 ina uwezo wa kuficha, na amri yenyewe ni «set conceallevel=2». Sifuri huonyesha kila kitu, mbili huficha alama. Uzuri wa Vim ni kwamba, usipoiagiza vinginevyo, mstari ule kilipo kishale hubaki na alama zake zote, na mistari mingine yote hutulia. Hicho ndicho kioo cha chini cha WordPerfect, ila sasa kinakufuata unakokwenda. Obsidian, inayopendwa na vijana wengi, hufanya karibu vivyo hivyo bila kuandika amri yoyote. Katika Emacs, programu nyingine ya kuandikia, ukiwa na kifurushi cha Markdown, unabonyeza Ctrl na c, kisha Ctrl na x, kisha Ctrl na m, na alama za faili zima hufichika au kufichuka kwa pamoja. Wanaoandika kwa Org, mfumo ulioanzishwa na mwanafalaki Carsten Dominik mwaka 2003, wana mpangilio wao uitwao org-hide-emphasis-markers, na wakiongeza kifurushi cha org-appear, alama hurudi pale tu kishale kinapogusa neno.

Njia hizi hazijakamilika, na sitaki mtu aniamini kisha alaumu. Katika Vim, mstari wenye kiungo kirefu hukatika kana kwamba anwani iliyofichwa bado ipo, kwa hiyo unabaki na mistari mifupi mifupi upande wa kulia. Kishale kikiingia kwenye mstari, maneno husogea kupisha alama zinazorudi, na hilo huwasumbua baadhi ya watu kuliko alama zenyewe. Tena, pale alama zinapobaki zimefichwa hata chini ya kishale, kuna utata mdogo lakini wa kukera mpakani mwa neno lililokolezwa: ukibonyeza nafasi hujui kama imeingia ndani ya vinyota au nje, na ikiingia ndani, ukolezaji hukatika na vinyota huibuka tena ukurasani. Ukifuta, pengine kinachofutika ni kinyota usichokiona, na herufi unayoitazama inabaki palepale. Ndiyo maana nasisitiza kwamba alama zijitokeze kishale kinapofika. Kuficha bila kufichua kwa namna hiyo sikupendekezi kwa mtu yeyote.

Wapo wenzetu wanaopinga kabisa, na hoja yao nzito kuliko zote ni kwamba kinachofichwa hakikaguliwi. Siwezi kuwapuuza, kwa sababu limenipata. Katika mwongozo mmoja nilinakili kiungo kimoja mara sita ili nisiandike mabano upya, nikabadilisha maneno yanayoonekana, na kwa kuwa anwani zilikuwa zimefichwa nikasahau kubadilisha anwani. Viungo sita vyenye majina sita tofauti vikawa vinampeleka mwalimu kwenye ukurasa mmoja wa nomino za ngeli ya U. Mwongozo ulikwisha kutoka. Niliwaandikia radhi waliokuwa wameupokea, nikatuma toleo lililosahihishwa, na kwa siku kadhaa nilifanya kazi alama zote zikiwa wazi, kama kujiadhibu. Katika siku hizo hizo nilirudia makosa ya upatanisho niliyokwisha kuyaacha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuandika na kukagua ni kazi mbili, na kila moja inataka kioo chake.

Tangu wakati huo naandika na kusahihisha nikiwa nimeficha. Mswada ukikamilika, siupeleki popote siku hiyo. Kesho yake asubuhi naandika «set conceallevel=0», alama zote zinarudi, na napita faili zima nikiangalia alama tu: kila kinyota kina mwenzake, kila mabano yamefungwa, kila anwani nainakili kwenye kivinjari na kuifungua. Maana ya sentensi siisomi kabisa katika duru hiyo. Mwongozo wa kurasa sitini hunichukua kama saa mbili, na mara ya mwisho nilipofanya hivyo nilikuta viungo viwili vilivyokufa na tanbihi moja iliyoelekeza mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Ombi langu kwa wakufunzi wa kompyuta, na kwa wahariri wa kurasa zenu za teknolojia ikiwa watapenda kulieleza kwa kirefu kuliko nilivyoweza mimi, ni kwamba wawaonyeshe waandishi amri zote mbili katika somo lile lile: ya kuficha kabla ya sentensi ya kwanza, na ya kufichua kabla ya kukabidhi kazi.

Wako katika kazi ya lugha,

Mhariri wa miongozo ya sarufi,
Morogoro