Mama mkwe anataka mume wangu aache dawa, nami nimefungwa mdomo

Ndugu Mshauri, salaam aleikum.

Naishi Makorora, Tanga. Mume wangu ni mvuvi. Ana VVU, na kwa miaka sasa anameza dawa za kufubaza virusi, kidonge kimoja kila usiku. Siri hiyo ni yangu na yake tu. Mwaka huu macho yake yaligeuka manjano, akapimwa damu, akakutwa na homa ya ini B pia. Hiyo ya ini ukweni wanaijua, na ndiyo iliyozua balaa.

Mama mkwe amekiona kile kidonge. Anasema ini bovu haliwezi dawa za hospitali, akamletea mizizi ya kuchemsha kutoka Handeni. Mume wangu hapendi kumvunja mamaye, basi siku nyingine anakunywa mizizi na kidonge anakiacha. Mimi nalala na hofu. Kliniki walitueleza kwamba ndani ya kidonge hicho mna tenofovir na lamivudine, na zote mbili zinapigana na VVU na kirusi cha ini kwa pamoja. Akiziacha, homa ya ini inaweza kulipuka upya, na mwenye VVU ini lake huwahi kuharibika kuliko la mtu mwingine. Hiyo mizizi nayo, nani ajuaye inalifanya nini ini?

Tena wamemtengea sahani na kikombe. Baba wa watoto anakula peke yake barazani! Homa ya ini B haiambukizi kwa kula sinia moja. Hupita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Cha kutenga ni wembe na mswaki. Mimi nimepimwa, sina VVU wala homa ya ini, na chanjo nimeshaianza. Watoto walichanjwa wakiwa wachanga.

Nimewaza nimwambie mama mkwe kuwa kidonge kile ni dawa ya ini. Si uongo, maana tenofovir hupewa hata mwenye homa ya ini B asiye na VVU. Lakini akikipeleka duka la dawa kuuliza, siri yote itatoka, na mume wangu ameniapisha. Je, nimwombe daktari azungumze naye habari za ini tu? Au nimbane mume wangu amwambie mamaye mwenyewe? Nisaidieni mapema, kwani jana usiku pia hakumeza.

Mke mwenye hofu,
Tanga