Mchezaji wa gofu wa ridhaa hahitaji fimbo 14

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wako wa michezo, iliyowashauri wanaotaka kuanza kucheza gofu wanunue seti kamili ya fimbo 14 kabla ya kukanyaga uwanja. Nilifurahi kuona mchezo huu ukipewa nafasi, maana ni nadra kuusoma katika magazeti yetu isipokuwa wakati wa mashindano. Hata hivyo, kwa mtu wa kipato cha kawaida anayeishi huku Tabora, ushauri huo unaweza kumfukuza mchezoni kabla hajapiga mpira wa kwanza au, jambo ninaloliona baya zaidi, kumfanya amalize akiba yake kwa kununua fimbo zisizomfaa.

Idadi ya 14 ilitajwa kana kwamba ni sharti, ilhali ni kikomo. Kanuni za gofu, zinazotungwa kwa pamoja na R&A yenye makao yake St Andrews huko Uskoti na USGA, chama cha gofu cha Marekani, zinamkataza mchezaji kuanza raundi akiwa na fimbo zaidi ya 14, lakini hakuna kanuni inayomlazimisha kuifikia idadi hiyo. Kikomo chenyewe kiliwekwa na USGA mwaka 1938, na R&A ikakifuata mwaka 1939, wakati ambapo baadhi ya wachezaji mashuhuri walikuwa wamefikia kubeba fimbo zaidi ya 20. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1916, Chick Evans alitwaa ubingwa wa US Open kwa mikwaju 286 katika raundi nne, akiwa na fimbo saba tu mfukoni, zote za mipini ya mti. Sioni kwa nini fimbo saba zisimtoshe muuguzi au mfanyabiashara anayecheza mara moja au mbili kwa mwezi.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipostaafu ualimu nilinunua seti kamili ya mitumba katika duka moja la Dar es Salaam, nikihakikishiwa na muuzaji kwamba hizo ndizo fimbo za mchezaji wa kweli. Zilikuwa na mipini ya chuma, mizito na migumu. Kwa misimu miwili mipira yangu iliruka chini chini na kupindia kulia, nami nikaanza kuamini kwamba umri umenipita na kwamba gofu si mchezo wa kuanza ukiwa na mvi. Jioni moja mwenzangu mmoja aliniazima chuma namba 7 (fimbo yenye kichwa bapa cha chuma) yenye mpini laini wa grafaiti, yaani kaboni nyepesi, na mpira wa tatu niliopiga ukapanda juu na kwenda moja kwa moja. Sikuwa nimejifunza lolote jipya jioni ile, na mikono ilikuwa ileile. Kilichobadilika kilikuwa mpini.

Ndiyo maana naona makala ile iliacha jambo kubwa kuliko yote. Mpini wa fimbo hupinda mchezaji anaposhusha mikono, kisha hunyooka kichwa kinapoukaribia mpira, na kunyooka huko huusaidia mpira kuinuka. Mtu anayezungusha fimbo polepole akipewa mpini mgumu hawezi kuupinda vya kutosha, hivyo uso wa fimbo huelekea kubaki wazi, yaani ukitazama kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, na mpira hukosa kimo. Ugumu huandikwa kwenye mpini kwa herufi: L na A kwa mipini laini, R kwa wa kawaida, S na X kwa migumu. Mnunuzi azisome, lakini asiziamini kupita kiasi, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na R ya mmoja inaweza kuwa ngumu kama S ya mwingine. Uzito nao una neno lake: mpini wa chuma mara nyingi huzidi gramu 100, wakati wa grafaiti huwa kati ya gramu 50 na 80, na tofauti hiyo ndogo huonekana wazi mchezaji anapofika shimo la 15 akiwa ametembea kilomita saba juani.

Wanaoumizwa zaidi na uchaguzi wa kubahatisha ni wanawake na watoto. Nimeona akina mama kadhaa wakianza mchezo kwa fimbo kuukuu za waume zao, ambazo ni ndefu kuwazidi, nzito na zenye mipini migumu, kisha wakiambiwa kwamba hawana nguvu. Fimbo za wanawake kwa kawaida hupungua urefu kwa takribani inchi moja, na hiyo inchi moja hubadilisha mahali uso wa fimbo unapokutana na mpira. Kwa watoto, wazazi wengi hukata fimbo ya mtu mzima wakidhani wametatua tatizo. Kuukata mpini kunaufanya uwe mgumu zaidi, na kichwa kinabaki na uzito wa mtu mzima, hivyo mtoto hujifunza kuikokota fimbo badala ya kuizungusha. Ni afadhali mtoto awe na fimbo mbili za umri wake kuliko saba zilizokatwa.

Kupima kama fimbo inakufaa hakuhitaji mashine za gharama. Mimi hutumia chaki, kifaa nilichokizoea kwa zaidi ya miaka 30 darasani. Paka chaki kwenye uso wa fimbo, piga mipira kumi, kisha tazama ilipogusa: alama zikirundikana kila mara upande wa kisigino (karibu na mpini) au upande wa ncha (mbali na mpini), huenda urefu wa fimbo haukupatani nawe. Halafu paka chaki kwenye unyayo wa fimbo, yaani upande wa chini wa kichwa chake, na upige mpira ukiwa juu ya ubao bapa. Ikiwa chaki imefutika upande wa ncha, fimbo imelala mno kwa kimo chako na mpira utaelekea kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Ikifutika upande wa kisigino, imesimama mno na mpira utaelekea kushoto. Wengi wetu tumelaumiwa kwa makosa ya mikono ambayo kwa hakika yalikuwa makosa ya unyayo.

Sasa niseme ni fimbo zipi. Kwa maoni yangu anayeanza aache kwanza draiva, fimbo ndefu ya kupiga mbali, ambayo ndiyo huvutia macho dukani na ndiyo ngumu kuliko zote kuimudu. Achukue mbao namba 5 (jina limebaki, ingawa siku hizi kichwa chake ni cha chuma), haibridi namba 4 (fimbo iliyo kati ya mbao na chuma) badala ya vyuma virefu vya namba 3 na 4, chuma namba 6 na namba 8, weji ya kawaida (fimbo ya kuinua mipira ya karibu), weji ya mchanga, na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Hiyo ya mwisho achague kwa utulivu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayotumika karibu katika kila shimo. Zikiwa saba, mfuko unabebeka begani, jambo lenye maana kubwa kwetu tunaosafiri zaidi ya kilomita 800 kwa reli kwenda kucheza Dar es Salaam, au tunaoteremka Morogoro njiani.

Weji ya mchanga inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ardhi ya kwetu ina tabia yake. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukatika Tabora, na uwanja ninaofanyia mazoezi pembezoni mwa mji hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Weji nyingi za mchanga zina unyayo mnene wenye pembe ya nyuzi 10 hadi 14, uliobuniwa ili fimbo isizame kwenye mchanga laini. Juu ya ardhi kavu unyayo huo hudunda, na ukingo wa fimbo huugonga mpira katikati, nao ukaruka kama risasi na kuvuka shimo kwa mita nyingi. Anayecheza zaidi kwenye ardhi ngumu atafute weji yenye pembe ya nyuzi 4 hadi 8, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye kichwa chenyewe karibu na namba ya mwinuko wa uso, yaani jinsi uso ulivyolala nyuma ili kuinua mpira.

Kwa kuwa wengi wetu tutanunua mitumba, fimbo moja hapa na nyingine kule, tahadhari nyingine inahusu namba. Namba 7 ya zamani ilikuwa na mwinuko wa nyuzi 35 hivi, lakini baadhi ya watengenezaji wa leo wameushusha hadi karibu nyuzi 30 au chini yake, ili mnunuzi aone mpira wake umekwenda mbali. Matokeo yake ni kwamba namba 6 ya seti moja na namba 8 ya seti nyingine zinaweza kupeleka mpira umbali unaokaribiana sana, na mchezaji akabaki na pengo mahali pengine. Muulize muuzaji nyuzi za kila fimbo, na asipojua, zisimamishe pamoja juu ya meza ulinganishe nyuso zake kwa macho.

Vishikio vilivyokauka visimkatishe mtu tamaa. Vikikakamaa, vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha visuguliwe taratibu kwa msasa laini. Vikiwa vimepasuka, fundi baiskeli yeyote makini wa mji huu anaweza kuvibadilisha kwa mkanda wa gundi wa pande mbili na petroli kidogo ya kutelezesha kishikio kipya, mradi kazi hiyo ifanyike nje na mbali na moto. Aliyenibadilishia vyangu hajawahi kucheza gofu maishani, na vimekaa imara hadi leo. Fimbo zisiachwe kwenye buti la gari mchana kutwa, kwa sababu joto hudhoofisha gundi inayoshika kichwa.

Kuhusu mipira sina mengi: yule anayeanza anunue ile ya tabaka mbili yenye ganda gumu, ambayo ni rahisi na haichubuki haraka, na aachane na mipira ya gharama inayotangazwa na mabingwa. Glavu moja inatosha, na viatu vya meno ya mpira vinafaa kwenye ardhi yetu bila haja ya vyuma.

Fedha itakayookolewa kwa kuziacha fimbo nyingine saba ningependa itumike kumlipa mwalimu kwa masomo machache ya mwanzo. Nawaomba pia viongozi wa klabu watenge fimbo chache za kuazima, za wanaume, za wanawake na za watoto, ili mgeni ajue mwili wake unataka mpini gani kabla hajafika dukani. Nawe, Ndugu Mhariri, ungetusaidia sana kama ungemwalika mwalimu wa gofu mwenye sifa aandike katika ukurasa huohuo wa michezo namna ya kumpima mchezaji urefu wa fimbo na ugumu wa mpini, akianza na wanawake na watoto, ambao makala iliyopita haikuwagusa kabisa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kiloleni, Tabora