Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukumbi wa Sanaa za Maonyesho wa Chuo

Ndugu wanachama,

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe, kwa hiyo sitazigusa. Nitazungumzia ukumbi, maana ndio uliotukutanisha na ndio uliotuchukulia vikao vingi mwaka huu.

Kila tulipokwenda kwa utawala tulijibiwa yale yale: ukumbi unakaa mtupu siku nyingi, kwa nini usikodishwe kwa makongamano? Anayeuliza hivyo anahesabu usiku wa onyesho peke yake. Watazamaji wanapoingia, kazi kubwa ya kujifunza imeshafanyika, tena ndani ya zile wiki ambazo viti havina mtu.

Jioni moja nilikaa safu ya nyuma nikitazama mazoezi ya ufundi. Kwenye mitambo ya taa alikuwepo mwanafunzi wa uhandisi wa umeme. Mwanga ulitakiwa ufifie polepole, uzimike mhusika anapoketi, lakini mwigizaji kila mara alichelewa au akawahi. Wakarudia, wakarudia tena. Meneja wa jukwaa, binti wa mwaka wa pili anayesoma sheria, aliwahesabia kwa sauti bila kupandwa na hasira. Mhadhiri hakuwepo. Hatimaye yule kijana akaacha kutazama saa, akaanza kumtazama mwenzake anavyopumua, na giza likaingia pale pale lilipotakiwa. Sijui ni mtihani gani wa darasani unaopima jambo kama hilo.

Kwa wanaodhani ukumbi ni wa watu wa sanaa tu, upo mfano wa Harvard mwaka 1895. Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, alitakiwa kurekebisha chumba cha mihadhara ambamo sauti ilivuma zaidi ya sekunde 5, maneno yakipandana hata yasisikike. Aliazima mito ya viti vya Sanders Theatre, ukumbi wa chuo hicho hicho, akaipanga chumbani usiku, akapima mvumo kwa bomba la kinanda na saa, na kabla ya asubuhi mito ikawa imerudi mahali pake. Kanuni aliyoipata, ya jinsi vitu laini vinavyomeza sauti na kupunguza mvumo, ndiyo iliyotumika kusanifu Symphony Hall, ukumbi wa muziki wa Boston, iliyofunguliwa 1900. Utawala wetu ungemtoza kodi ya mito, nadhani.

Warsha ya maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ilijaa. Maktaba ya tamthilia haijasogea hata hatua moja, na kamati husika itajieleza.

Mimi sipingi kukodisha. Ukumbi una gharama na fedha lazima zitoke mahali. Kamati inapendekeza makongamano yapangwe wakati wa likizo, na wiki tatu kabla ya kila onyesho ukumbi usitolewe kwa mtu yeyote, awe mgeni rasmi au nani. Pendekezo hili ni ajenda ya nne na litapigiwa kura. Asiyeweza kufika amkabidhi mwanachama mwenzake kura yake kwa maandishi, na katibu apewe nakala kabla ya mkutano kufunguliwa.

Mwenyekiti