Uwanja wa drifti usijengwe kwa pupa

Mhariri,

Naandika kuhusu wito wa kuwajengea madereva wa drifti (mchezo wa kuserereshea gari ubavu kwenye kona) uwanja wao, waache kuserereshea magari kwenye barabara za Kampala. Naunga mkono kwa moyo wote, lakini kazi ianze ardhini. Mabonde mengi ya mji huu ni kinamasi. Lami ikimwagwa juu ya udongo unaonyonya maji, hutitia msimu wa kwanza wa mvua. Udongo laini uondolewe, kishindiliwe kifusi cha marramu (udongo mwekundu wa changarawe), kisha milimita 200 za kokoto, ndipo ije lami ya milimita 50 hivi. Mteremko wa asilimia 2 upeleke maji mtaroni.

Tairi la nyuma la drifti husugua lami kwa ubavu, likiwa moto na linazunguka kwa kasi. Lami changa hukwanguka kama ngozi, kokoto zikatapakaa kwenye kona. Basi iachwe ikomae wiki kadhaa kabla ya gari la kwanza kuingia.

Watazamaji ndio wanaonitia hofu zaidi. Gari likipoteza mshiko hutoka kwa nje ya kona, na hapo ndipo watu hupenda kusimama! Upande huo wasikae kabisa. Uwekwe ukuta wa zege, mbele yake matairi chakavu yaliyofungwa pamoja kwa bolti, kwani tairi lililolegea hurushwa likageuka kombora.

Wilaya zenye ardhi kavu zikae na shirikisho la mbio za magari, zipime udongo kwanza, kabla hata ya kuchora kona.

Mpenzi wa mbio za magari,
Kampala