Malori ya kale yaandikwe kwa aina zake

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniuma kila ninapoona picha za malori ya zamani ya Kiingereza, yale yaliyowambwa bodi za mbao na mafundi wetu wa Unguja na Pemba yakawa gari za abiria: chini yake huandikwa "Bedford" tu. Bodi ilichongwa hapa, kwa hiyo haitambulishi aina ya lori. Cha kutazamwa ni uso wa gari. Kwa malori ya Bedford, aina ya O, iliyotoka mwaka 1939, ina boneti ya mviringo, ilhali OW ya wakati wa vita ina boneti bapa yenye pembe, iliyokuwa rahisi zaidi kuundwa kiwandani. TJ ya mwaka 1958 ina pua. TK haina, na injini yake imekaa nyuma ya viti. Austin na Morris ndizo ngumu hasa kutofautisha, kwani baada ya kampuni zao kuungana mwaka 1952, lori lile lile liliweza kuuzwa kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Nawaomba waandishi wako wawaulize madereva wazee kabla ya kuchapisha, maana wao wangali wakizikumbuka.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba